Wesonga Nyuma ya Mkewe

Siku kano ya kisigino chake ilipokatika, Wesonga aligeuka kutazama ni nani aliyemrushia jiwe. Alikuwa akikimbia peke yake kwenye barabara ya kwenda Dunga, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akasikia "pa!" nyuma ya mguu wa kushoto, na kitu cha kwanza kilichomjia ni hasira. Nyuma hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ng'ombe wawili wakila nyasi kando ya mtaro, na hakuna kati yao aliyeonyesha kujua lolote. Akapiga hatua moja ili amtafute huyo mrusha mawe, mguu ukakataa, akaketi barabarani.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kwao ni Busia, lakini alikuwa ameishi Kisumu miaka kumi na minane, kumi na mitano kati ya hiyo akisoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Ujanani alikimbilia timu ya idara moja ya serikali, na mara moja, akiwa na miaka ishirini na saba, alimaliza kilomita kumi kwa dakika thelathini na tatu na sekunde ishirini. Hakuwahi kwenda Ulaya wala kuitwa kambini. Alikuwa mtu mwenye mbio nzuri ambaye pia alisoma mita.

Mahali pekee alipokuwa mashuhuri ni Usenge, kwa wakwe zake. Siku aliyokwenda kujitambulisha kwao Jentrix, ambaye sasa ni mkewe, gari liliharibika njiani, na mshenga akasema wasubiri fundi. Wesonga alikuwa ameahidi kufika saa sita. Akavua koti la suti, akamkabidhi mshenga, akakimbia kilomita tisa zilizobaki na suruali yake ya suti na viatu vya ngozi. Alifika saa sita kasoro dakika nne. Mshenga alifika saa tisa na koti. Tangu hapo ukoo mzima ulimwita kwa Kijaluo "Orwa ma ringo", yaani mkwe anayekimbia, na watoto waliozaliwa baadaye walidhani hilo ndilo jina lake.

Hospitalini walimshona kano. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alimwambia, "Utatembea vizuri kabisa, Mzee. Kukimbia, tutaona."

Wesonga alilijua neno hilo. Ndilo alilowaambia wateja walipolalamika kwamba maji hayatoki.

Miezi miwili alitembea kwa magongo. Kisha akapewa kiatu kikubwa cha plastiki kilichofika karibu na goti, na kazini wakamwondoa barabarani wakamkalisha ofisini apokee simu. Aliongeza kilo kumi na moja. Jentrix alizipanua suruali zake mara mbili, na mara ya tatu akasema kitambaa kimeisha.

Jentrix mwenyewe alikuwa msimamizi wa jikoni katika shule moja upande wa Kibos. Mwezi uleule Wesonga aliotolewa nyuzi, muuguzi alimpima Jentrix presha, akatazama kipimo, akampima tena, akamwambia aanze kutembea kila asubuhi. Akaanza, yeye na wanawake watatu wa kanisani. Baada ya wiki chache wale watatu waliacha. Jentrix hakuacha. Kutembea kukawa kutembea haraka, na kutembea haraka siku moja kukawa kitu ambacho Wesonga, akimtazama kutoka mlangoni na magongo yake, alilazimika kukubali kwamba ni kukimbia.

Alimshauri. Alimwambia asiinamishe kichwa, asikunje ngumi, asitue na kisigino. Jentrix alisikiliza kwa heshima. Mwezi wa sita wa ushauri huo alisema, "Baba Terry, nashukuru sana. Lakini sasa unaniambia vitu ambavyo tayari nafanya."

Ilichukua karibu miaka miwili kabla ya daktari kumruhusu Wesonga kujaribu. Ilikuwa mwezi wa Januari. Binti yao Terry alikuwa amerudi shule ya bweni, nyumba ilikuwa kimya, na Jentrix alisema watoke pamoja.

Wesonga alivaa treksuti yake ya zamani. Zipu haikufunga, akaiacha wazi. Walianza polepole, na Jentrix akaanza kumsimulia ugomvi wa uongozi wa kwaya: nani alitaka kuwa katibu, nani alinuna, nani alitoka na ufunguo wa kabati la sare. Ilikuwa habari ndefu na alisimulia yote bila kukatiza pumzi. Wesonga alijibu "mm". Walipopita kinyozi wa kwanza alijibu nusu ya "mm". Kwenye njia panda ya pili aliona kwamba sauti ya mkewe inatoka mbali. Akainua macho. Jentrix alikuwa mbele hatua thelathini, amegeuka, akirukaruka palepale ili mwili usipoe, akimsubiri.

Alikuwa amepasuliwa mguu, akadungwa sindano nyingi, akafundishwa upya kupanda ngazi, na hakuna hata kimoja kilichomuuma kama kule kurukaruka.

"Pole pole, Baba Terry," Jentrix alisema. "Hakuna mtu anatufukuza."

Asubuhi iliyofuata aliweka nadhiri ndogo, ambayo hakumwambia mtu, kwamba kabla ya mwaka kwisha atamshinda mke wake kwa mbio.

Wiki hiyohiyo alirudishwa barabarani kusoma mita, na eneo alilopewa lilikuwa Milimani. Katika njia moja tulivu yenye miti pande zote aliishi mzee wa Kisingasinga aitwaye Kulwant, mwenye miaka sabini na kitu, ambaye aliwahi kuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini kabla ya kuliachia watoto. Kila Wesonga alipofika, Mzee Kulwant alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai nje ya geti, akinywa chai. Siku ya kwanza alimtazama akija tangu mwisho wa njia hadi getini.

"Mguu wa kushoto," alisema.

"Ni kano ya kisigino, Mzee. Ilikatika."

"Najua. Unaitunza kama yai." Akanywa chai. "Ulikuwa unakimbia?"

Wesonga akamwambia. Alitaja na ile thelathini na tatu na ishirini, ambayo hakuwa ameitaja kwa miaka. Mzee Kulwant aliingia ndani akatoka na saa ya kupimia mbio, ya zamani, ya chuma, yenye kamba. Kumbe kwa miaka thelathini, kila msimu wa michezo ya shule, alikuwa mmoja wa wapima muda uwanjani. Yeye mwenyewe hakuwahi kukimbia hata kuwahi basi.

"Nimeona watu wengi wakirudi baada ya kuumia," alisema. "Wale wenye haraka niliwaona mara moja tu."

Akampa utaratibu. Dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mara kumi, siku tatu kwa wiki. Mwezi mzima hivyo. Kila jioni kusimama ukingoni mwa ngazi, vidole juu ya ngazi, kisigino hewani, kushuka na kupanda taratibu mara kumi na tano. Baadaye ndiyo mbio ndefu za polepole, kisha milima, na kasi mwisho kabisa.

"Mapafu yatarudi kwanza," alisema Mzee Kulwant. "Hayo ndiyo hatari, Bwana Maji. Yatakuambia uko tayari. Mguu bado haujasikia hiyo habari."

Wesonga alielewa vizuri kabisa. Wiki ya tatu mapafu yalimwambia yuko tayari, akayaamini. Alikwenda uwanja wa shule moja asubuhi ya Jumamosi ili akimbie mita mia nne mara sita kama alivyozoea akiwa na miaka ishirini na saba. Hakumaliza ya nne. Shavu la mguu lilikaza likawa kama ubao, na akarudi nyumbani kwa bodaboda, akimwambia Jentrix kwamba amekutana na rafiki aliyemchelewesha.

Jumatatu alijaribu kupita nyumba ya Mzee Kulwant bila kuchechemea.

"Mara ngapi?" Mzee aliuliza.

"Sita. Lakini niliishia ya nne."

"Basi mguu una akili kukuzidi." Akafunga kifuniko cha kikombe. "Wiki tatu pumzika. Halafu tunaanza dakika moja, mbili."

"Tena kutoka mwanzo?"

"Unajua mahali pengine pa kuanzia?"

Akaanza tena. Februari ikaisha, mvua za Machi zikaja. Alikimbia dakika moja akatembea mbili, na akina mama waliobeba ndoo walimpita alipokuwa akitembea, naye akawapita alipokuwa akikimbia, wakampita tena, hadi mmoja akamuuliza, "Baba, uko na shida gani?" Aprili alikimbia dakika ishirini bila kusimama. Mwendo ulikuwa ule ambao zamani alitumia kupoa baada ya mbio. Alisimama kando ya barabara, akainama kama anafunga kamba ya raba, akalia kidogo, akafunga kamba kweli, akaenda kazini.

Mei, Mzee Kulwant alipima njia yake kwa futi kamba, mita mia moja na ishirini kutoka getini hadi kwenye bomba la zimamoto, na kila Jumanne na Alhamisi saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya Wesonga, akampimia mbio fupi nane. Si za nguvu zote. Mzee alitaka zifanane, ya kwanza na ya nane, na mojawapo ikiwa ya haraka zaidi aliifuta kwenye daftari kama kosa la hesabu.

"Siku ukimaliza ukiwa unataka moja zaidi, umefanya kazi," alisema. "Ukimaliza ukiwa umelala chini, hayo ni maigizo."

Sasa, Jentrix alikuwa mwanamke anayeona mambo. Aliona kwamba Jumanne na Alhamisi shati la kazi linarudi limelowa na kukauka na kulowa tena. Aliona kwamba mume wake amepungua tumbo, anaimba bafuni, na amenunua soksi. Alisubiri wiki mbili. Kisha jioni moja, akichambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Baba Terry. Kuna mtu Milimani?"

Wesonga akaacha kuvua kiatu.

"Nauliza tu. Kama ni mwanamke, nyumba yake ina joto sana."

"Ni Mzee Kulwant," Wesonga alisema.

Jentrix aliacha mboga. "Yule wa mita?"

"Yule wa mita."

Ikabidi aeleze yote, pamoja na uwanja wa shule na bodaboda. Kitu pekee alichoficha ni ile nadhiri, lakini Jentrix alimtazama kwa muda, akarudi kwenye mboga, na akasema, "Na ni mimi unataka kushinda."

"Sijasema hivyo."

"Sawa. Agosti kuna mbio nyumbani, Usenge. Wanafungua zahanati. Frankline ndiye mwenye kipaza sauti. Kilomita kumi, kutoka ufuoni hadi shule ya msingi, mnazunguka mnarudi. Nimeshajiandikisha." Akatupa bua kwenye ndoo. "Nitamwambia akuandike na wewe."

Frankline alikuwa kaka yake mdogo Jentrix, na hapakuwa na namna ya kumwambia Frankline jambo bila Usenge nzima kulijua.

Juni na Julai walifanya mazoezi katika nyumba moja kama watu wawili waliopanga vyumba jirani. Jentrix alitoka kwanza, Wesonga baada ya dakika kumi. Jumapili Wesonga alikipanda kilima cha Riat mbio, akashuka akitembea kama alivyoagizwa. Kila baada ya wiki mbili kulikuwa na siku mbovu ambapo kano iliamka ngumu na kila kitu kikaonekana kimepotea, na Mzee Kulwant alimwambia siku hizo zimo kwenye hesabu. Mara moja Wesonga alimuuliza kama atairudia ile thelathini na tatu.

"Hapana," Mzee alisema.

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Wesonga alisoma mita, akaandika, akaaga. Alipofika nyumba ya nne ndipo alipogundua kwamba hajakasirika.

Walisafiri kwenda Usenge Ijumaa. Jumamosi asubuhi ufuo ulijaa. Wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wamekunja nusu ya nyavu za kuanikia ili njia ipatikane, na nusu nyingine wameiacha, kwa sababu omena hazijui sherehe. Kulikuwa na wavuvi miguu mitupu, polisi wanne, walimu, wanafunzi wasiohesabika, na mwanamke mmoja mwenye mwili wa mwanariadha aliyekuja kutoka Bondo na saa mkononi. Mama mkwe, Mama Aoko, alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Kwa heshima ya ukwe, yeye na Wesonga hawakukaribiana. Waliinamishiana vichwa kutoka mbali, kila mmoja upande wake.

"Na mkwe wetu yuko!" Frankline alitangaza. "Orwa ma ringo! Leo mtaona wenyewe!"

Wesonga alitamani gari liharibike mahali fulani.

Filimbi ilipolia, wanafunzi waliondoka kama kuku waliorushiwa mtama. Wesonga hakuwafuata. Alikuwa ameagizwa kilomita tano za kwanza zimchoshe kwa kuboa, na alitii. Jentrix alikuwa mbele yake hatua ishirini, mgongo umenyooka, mikono imelegea, akikimbia kwa namna ambayo Wesonga, kama si mume wake, angeisifu. Pande zote mbili za barabara wakwe walisimama wakimtafuta mkwe wao mbele, miongoni mwa wa kwanza, wasimwone, wakamtafuta katikati, wasimwone, na alipotokea kati ya polisi mnene na msichana wa darasa la sita, kulikuwa na kimya kidogo kabla ya makofi.

"Anajificha!" mjomba mmoja alieleza wenzake. "Ni mbinu!"

Waligeuka shuleni. Kilomita ya sita wanafunzi walianza kuonekana wameketi kando ya njia. Kilomita ya saba kulikuwa na mteremko mdogo kuelekea ziwani, na hapo jambo fulani likatokea ambalo Wesonga hakulitegemea na hakuliomba. Mguu wa kushoto ulitua na kuondoka bila yeye kuuambia. Kisha wa kulia. Kisha tena wa kushoto. Kwa miaka miwili na nusu kila hatua ya mguu ule ilikuwa imepitia kichwani kwanza kuomba ruhusa, na sasa hatua zilikuwa zinapita tu. Upepo ulimpiga usoni. Alimpita polisi. Aliwapita wavuvi wawili, mmoja akasema kitu kwa Kijaluo ambacho hakikuwa cha kanisani.

Akamfikia Jentrix. Yule mwanamke wa Bondo alikuwa mbali mbele, na mwingine mbele yake, na Jentrix alikuwa wa tatu kati ya wanawake. Nyuma yake mwalimu mmoja kijana wa kike alikuwa anamkaribia. Wesonga aliona kazi ya mume hapo. Akajiweka mbele yake ili amkinge upepo.

Alisikia pumzi mbili, tatu nyuma yake.

"Baba Terry," Jentrix alisema, "toka hapo. Unanizibia."

"Nakukinga upepo, Mama Terry."

"Unanitimulia vumbi. Kama unaenda, nenda!"

Akaenda.

Kilomita mbili za mwisho alizikimbia akiwa peke yake, maumivu yakiwa mahali pake ya kawaida, mapafuni na mapajani, wala si kisiginoni. Alivuka mstari akiwa wa thelathini na moja, kwa dakika arobaini na sita na sekunde thelathini na mbili. Hiyo ilikuwa zaidi ya dakika kumi na tatu nyuma ya mtu aliyekuwa zamani. Alitazama saa mara mbili, mikono magotini, akangoja kuona aibu. Haikuja. Akangoja kidogo zaidi, kwa haki, kisha akanyooka na kumtafuta mkewe.

Jentrix aliingia sekunde arobaini na moja baadaye. Yule mwalimu hakumfikia. Frankline alipiga kelele hadi kipaza sauti kikakoroma, "Wa tatu wanawake! Dada yangu! Binti ya Usenge!" Wanawake wa omena waliacha omena. Walimbeba Jentrix juujuu, wakamshusha, wakambeba tena, na akapewa beseni kubwa la buluu na leso mbili. Mjomba aliyeeleza kuhusu mbinu alimsukuma Wesonga kando kwa kiwiko ili aone vizuri. Hakuna aliyeuliza aliyemaliza wa thelathini na moja ni nani.

Jioni Jentrix alimkuta nyuma ya nyumba, miguu ndani ya beseni la zawadi lililojaa maji baridi.

"Umenishinda," alisema.

"Sekunde arobaini na moja."

"Nilizihesabu." Akaketi, akavua raba, akaingiza miguu yake pia, ikawabidi kubanana. "Huyo mzee wako wa mita anapokea na wanawake?"

"Nitamuuliza Jumanne."

"Usimuulize. Mwambie ninakuja."

Frankline akatokea pembeni mwa nyumba, amepoteza sauti kabisa, akanong'ona kwamba ametumwa na Mama Aoko.

"Mama anauliza kama mguu umepona."

"Mwambie asante sana," Wesonga alisema. "Umepona asilimia themanini hivi."

Frankline akaenda. Wakasikia mazungumzo mafupi upande wa jikoni. Akarudi.

"Anasema Mungu ni mwema. Anasema themanini inatosha kupanda ngazi. Tangi la maji linavuja tangu Pasaka, na wewe ni mtu wa maji."

Wesonga alitoa miguu, akaikausha kwa leso mpya ya mkewe, akaomba spana.